Maharage Mia Nne na Kumi na Mawili

Mtu aliyezaliwa Kibondo, akalelewa katika nyumba ambayo chumba cha watoto ndicho ghala la maharage, hana pa kujitetea. Nimelala juu ya magunia hayo mpaka namaliza darasa la saba. Msimu wa mavuno tulilala karibu na dari, na kadiri mama alivyouza ndivyo kitanda chetu kilivyoshuka. Pamoja na hayo yote, nilipopata kazi ya mkataba wa miezi sita Kasulu, ya kuwashirikisha vijana kubuni uwanja wa michezo wa mtaa, nilisimama mbele ya vijana thelathini na mmoja, mavuno yakiwa ndiyo kwanza yanaingia majumbani, nikawagawia maharage wapigie kura.

Matatu kila mmoja. Jambo hilo nilikuwa nimelifikiria siku tisa.

Mimi hufikiria karibu kila kitu siku tisa. Kura ya maharage nilifundishwa chuoni Dodoma na ilinipendeza: asiyejua kusoma anapiga, mwenye haya anapiga, na, makopo yakiwa nyuma ya pazia, hakuna anayejua mwenzake kachagua nini. Nikaiongezea ya kwangu. Nilinunua maharage ya njano kwa sababu kijana mmoja ana uoni hafifu, na njano inaonekana. Nilitafuta makopo yenye mdomo mpana kwa sababu kuna mwingine ambaye mikono yake hutetemeka. Juu ya kila kopo nilibandika picha, na chini ya picha kitu cha kupapasa. Nilipima hata urefu wa meza, nikaikata miguu, nikaikata tena kwa sababu ilianza kuyumba. Kitu kimoja tu hakikunijia kichwani: kwamba Kasulu, mwezi ule, kila mfuko wa suruali una maharage.

Nieleze kwanza tulichokuwa tunapigia kura.

Uwanja wenyewe ulikuwa kipande cha ardhi kinachoshuka taratibu kutoka barabarani kwenda bondeni. Upande wa barabara palikuwa pagumu, pamekanyagwa na watu na pikipiki. Upande wa bonde ulikuwa udongo mwekundu ambao ukilowa hushika tairi na hauachii. Mechi zote pale zilichezeshwa na msichana wa miaka kumi na tisa ambaye miguu yake haijafanya kazi tangu utotoni. Alikuja na baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuendeshwa kwa mikono, ambayo vijana waliiita bajaji. Shingoni kipenga, kwenye kikapu cha mbele kadi mbili alizokata kwenye boksi la sabuni. Sheria za mpira alizijifunza kwa redio na kwa ubishi. Kila mtu alimwita Refa, hata mama yake.

Kwa kuwa bajaji haikuweza kushuka bondeni, Refa alichezesha akiwa upande wa barabara tu. Upande wa pili vijana waliuita Mpakani, maana sheria ziliishia hapo. Mpakani watu walivutana jezi na kukanyagana vidole, na kuna beki mmoja ambaye aliwahi kukaa juu ya mshambuliaji kwa muda wote wa kona. Refa alikuwa anapiga kipenga kwa kukisia. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, walimfuata hadi nyumbani kwao wakibishana, naye akiwajibu huku anapepeta mchele.

Sasa mashindano ya kata yalikuwa yanakaribia, na mwalimu mmoja wa michezo alikwisha kusema wazi kwamba kwa uwanja ule atachezesha yeye, kwa sababu yeye ana miguu ya kufika kila mahali. Hakusema kwa ubaya. Lakini Refa alikuwa amengoja mashindano yale miaka mitatu.

Injinia, mtumishi aliyehamishiwa kwetu kutoka Lindi na ambaye hadi leo huvaa sweta mbili kwa sababu ya baridi yetu, alikwisha kuchora mambo ya msingi: lango lenye mteremko badala ya ngazi, choo chenye mlango mpana, kiwanja cha netiboli. Akatuambia imebaki nafasi ya nyongeza moja, na nyongeza hiyo waichague vijana wenyewe. Wakapendekeza tatu. Jukwaa la watazamaji lenye paa. Njia ngumu ya kuzunguka uwanja wote, ili bajaji ifike Mpakani. Na uzio wa kuzuia mbuzi.

“Ijumaa nakuja,” akasema injinia. “Mnipe jibu moja. Moja, siyo insha.”

Kura tulipiga Jumatano. Walipanga foleni kwa utulivu ambao ungenishtua kama ningekuwa mtu wa kushtuka kwa mambo sahihi. Nahodha wa timu, kijana fundi baiskeli mwenye sauti ya mnadani, alikuwa wa kwanza kutumbukiza huku anatangaza, “Jukwaa! Watu waje watuone tumevaa!” Wenzake wakampigia makofi. Refa alipita wa mwisho, akatabasamu, akasema, “Asante kwa meza, mtaalamu. Imekuwa fupi kama wewe.”

Thelathini na moja mara tatu ni tisini na tatu. Nilimwaga makopo juu ya kitanda changu, kila kopo rundo lake, nikahesabu. Nikapata mia nne na kumi na mawili.

Nikahesabu tena, nikidhani nimehesabu mengine mara mbili. Mia nne na kumi na mawili. Mara ya tatu nilianza kujiuliza kama mimi ndiye niliyegawa vibaya. Mara ya nne nilikuwa natoa machozi kidogo, siyo mengi, ya mtu anayeandika barua ya kuacha kazi kichwani na kukwama kwenye salamu. Injinia akijua kura imechakachuliwa, ataamua mwenyewe. Na wachoraji wa viwanja, wakiamua wenyewe, huweka jukwaa, kwa sababu mgeni rasmi lazima akae kivulini.

Nikampigia mama simu Kibondo. Nilipomaliza kueleza, kukawa kimya. Nikadhani mtandao umekata.

“Mama?”

“Nipo. Ulitumia nini?”

“Maharage.”

“Kasulu?”

“Ndiyo, mama.”

“Mwezi huu?”

Hakungoja jibu. Nilimsikia akimwita shangazi aje asikie, kisha wakacheka wote wawili mpaka salio langu likaisha.

Aliyeniokoa ni mama mwenye nyumba. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi akiwa amebebwa mgongoni. Leo ni Mtanzania mwenye kitambulisho chake, mizani mbili, na stoo inayonunua maharage ya nusu ya wilaya. Alipita mlangoni kwangu na ndoo, akaona kitanda.

“Yoo! Mwanangu, nani amechanganya hivi?”

“Ni kura, mama.”

“Mchanganyiko kama huu hauivi pamoja. Haya yatakuwa uji, haya bado mawe.”

Akaketi bila kukaribishwa, akaanza kuchambua. Mimi niliona maharage ya njano. Yeye aliona nyumba za watu. Haya, akasema, ni ya Kitanga, tazama udongo ulivyong'ang'ania kwenye jicho lake. Haya yamepakwa mawese yasitobolewe, bibi mmoja wa Gwarama ndiye hufanya hivyo na mjukuu wake anakaa karibu na kisima. Haya ni ya mwaka jana, mwenye nayo ni mchoyo. Na haya makubwa, masafi, yasiyo na historia, ni ya kwako, na uliuziwa bei ya mgeni.

Ya kwangu yalipatikana themanini na saba.

“Sita yako wapi?”

“Mbegu nzuri hizi, mwanangu. Sita zimeenda kupandwa.”

Nikayarudisha kwenye makopo yalikotoka. Kura za halali za jukwaa thelathini na tisa, njia thelathini na sita, uzio zilizobaki. Yaani hizo sita zilizokwenda shambani zingeweza kugeuza jibu. Lakini lililonifanya nikae chini ni jingine. Maharage ya wizi kwenye kopo la jukwaa yalitoka nyumba nyingi. Kwenye kopo la njia, ukiacha saba, yote mia moja na ishirini yalikuwa na vumbi la kijivu kwenye mkunjo.

“Majivu,” akasema mama mwenye nyumba. “Anayehifadhi kwa majivu mtaa huu ni mmoja. Hununua kwangu chumvi kila Jumamosi.” Akamtaja. Alikuwa mama wa nahodha.

Nahodha! Yule wa “watu waje watuone tumevaa”.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwenye banda lake la baiskeli. Njiani nilikuwa nimepanga namna tatu za kuanza, na zote zikapotea nilipomkuta amepiga magoti mbele ya bajaji ya Refa, ananyoosha spoku.

“Mwakeye, kaka mkubwa,” akanisalimia kwa Kiha bila kuinua kichwa.

Nikafungua kiganja. “Unayajua haya?”

“Maharage ni maharage, bro.”

“Yana majivu.”

“Kasulu nzima ina majivu. Watu wanapika.”

“Mia moja na ishirini.”

Akaacha spoku. Akatazama nje kama kuna mtu, akanivuta nyuma ya banda, kwenye rundo la matairi. “Nani mwingine anajua?”

“Mama mwenye nyumba wangu.”

“Basi Kasulu yote inajua.”

“Kwa nini ulitangaza jukwaa?”

“Mimi ni nahodha! Vijana wangu wanataka jukwaa. Nikisema njia, watasema nimelainika, nampenda Refa. Na simpendi. Ananikera.” Alisema kwa kishindo kiasi kwamba niliandika akilini nisimwamini, kisha nikafuta. “Sikiliza. Kila Jumatatu nanyoosha spoku hizi bure kwa sababu amejaribu tena kushuka kule bondeni. Kila Jumatatu! Halafu Jumapili ananinyima goli kwa sababu haoni. Na huyo mwalimu akichezesha, wanafunzi wake wanapewa penalti hata wakipiga chafya. Mimi nataka Refa afike Mpakani aone jinsi ninavyoonewa. Huruma haimo.”

“Kwa hiyo umeiba kura.”

“Nimesawazisha. Wale wa jukwaa walipanga wizi kabla yangu, niliwaona wamejaza soksi.” Akanyoosha bisibisi kifuani kwangu. “Ukinitaja, na mimi nitasema ulihesabu mara nne ukilia.”

“Nani kakwambia nililia?”

“Mama mwenye nyumba wako alipita hapa saa moja iliyopita. Nilikuuliza nani mwingine anajua nione tu kama utasema ukweli.”

Ijumaa niliamka nimeamua kusema ukweli, nikaamua kutousema, nikaamua kuusema nusu. Nilipofika uwanjani vijana wote walikuwa wamekwisha kukaa kwenye nyasi, na injinia alikuwa anateremka kwenye pikipiki na sweta zake. Sikuwa na muda wa kuamua mara ya nne. Nikatoa mfuko wenye maharage yote, nikauinua.

“Kura zilitakiwa kuwa tisini na tatu,” nikasema. “Zimekuwa mia nne na kumi na mawili.”

Kisha mmoja nyuma akasema, “Hongereni kwa mwitikio,” na uwanja wote ukalipuka. Wakaanza kunyoosheana vidole. Fulani alikuwa na soksi nzito. Fulani alirudi foleni mara mbili akijifanya amesahau kofia. Nahodha alikuwa anacheka kwa nguvu kuliko wote, jicho moja likiwa kwangu.

Refa akainua mkono. “Mimi niliongeza saba tu.”

“Refa!” wakapiga kelele kama watu wanaouawa. “Refa naye!”

“Saba siyo wizi. Saba ni dakika za nyongeza.”

Injinia hakucheka. Alitazama mfuko, akatazama saa. “Hayo nipeni nikapike. Mimi naona mambo yamekuwa rahisi. Kama mmeshindwa kukubaliana, naweka jukwaa. Mgeni rasmi akija apate pa kukaa.”

Kicheko kilikatika. Niliona Refa akishika usukani wa bajaji kwa mikono yote miwili, kama mtu anayesubiri kuambiwa ashuke.

Aliyezungumza ni msichana wa netiboli, mrefu, ambaye tangu Jumatatu hakuwa ametamka neno. “Tupige upya. Sasa hivi. Kwa kiatu cha kushoto. Maharage mtu anaweza kuja nayo mia, lakini mguu wa kushoto ni mmoja.”

Wazo lilikuwa zuri kuliko yote niliyolipiwa ada kuyasoma. Nikachora maduara matatu kwenye udongo, moja kwa kila pendekezo, nikawaambia kila mtu avue kiatu cha kushoto. Walipoinama kuvua ndipo nilipomwona Refa. Hakuwa na viatu. Hakuvaa viatu, kwa nini avae? Mimi, mtaalamu wa ushirikishwaji, niliyekata miguu ya meza mara mbili, nimeandaa kura ya viatu mbele yake.

“Refa, samahani, sikufikiri…”

“Umefikiri sana, ndiyo shida yako,” akasema. “Mimi nina matairi matatu. Niweke yote?”

“Moja!” vijana wakapaza sauti. “Moja, mwizi wewe!”

“Basi naingia mzima.” Akasukuma bajaji ndani ya duara la njia, akakaa hapo peke yake, amekunja mikono.

Kandambili zikaanza kuruka. Duara la jukwaa likajaa haraka: raba, kandambili, viatu vya shule, buti moja la kuchimbia. Upande wa Refa wakaja wasichana wa netiboli, kijana wa uoni hafifu, na wengine wachache. Uzio ulipata kandambili moja, ya kijana ambaye mpira wake uliliwa na mbuzi. Nahodha alibaki amesimama kwa mguu mmoja, kiatu mkononi. Injinia alikwisha kufungua daftari.

“Nahodha, weka tuondoke,” beki wake akasema. “Mguu utakuganda.”

Nahodha akaruka kwa mguu mmoja. Aliruka kuelekea jukwaa, wenzake wakashangilia, akaruka pembeni ya jukwaa, akaendelea kuruka. Alipofika mbele ya bajaji akakitupa kiatu chini kama mtu anayelipa faini.

“Siyo huruma!” akawageukia wenzake kabla hawajafungua midomo. “Mnisikie. Mnamtaka mwalimu? Yule wa penalti za chafya? Nataka huyu afike Mpakani aone ninavyovutwa jezi!”

“Nikifika Mpakani,” Refa akasema, “wa kwanza kupewa kadi ni wewe. Wewe ndiye unayevuta.”

“Nipe! Lakini nipe ukiwa umeona!”

Beki, yule aliyewahi kukaa juu ya mtu, alikuna kichwa. Kisha akaenda kwenye duara la jukwaa kuokota kandambili yake.

“Kubadilisha ni ruhusa?” mtu akauliza.

“Kiatu ni changu,” akajibu, akakihamishia upande wa njia. Akafuatwa na wengine wanne. Hakukuwa na hotuba. Mmoja alilalamika kwamba amehamishiwa kiatu bila ridhaa, tukakirudisha.

Injinia alihesabu mwenyewe, kwa kalamu, akigusa kila kiatu. Jukwaa kumi na tatu. Uzio moja. Njia kumi na saba, pamoja na bajaji.

“Upana wa njia, mita moja inatosha?” akauliza, tayari anaandika.

“Injinia,” Refa akasema, “hapa ni Kasulu. Akija mama na ndoo kichwani tutasimama tusalimiane, aniulize mama, baba, ng'ombe na mvua. Wa nyuma yangu wapite wapi? Mechi itakuwa imeisha.”

Injinia, ambaye kwa miezi yote hiyo alikuwa anachelewa kazini kwa sababu ya salamu zetu, alifuta moja akaandika mbili.

Mchana ule ule vijana wakapigilia vigingi vya miti kuzunguka uwanja, wakafunga kamba. Bondeni palikuwa pamekauka kiasi. Refa akasema anataka kupita kabla hawajamwaga kifusi, aone kama kwenye karatasi na kwenye tairi ni kitu kimoja. Vijana wakafuata nyuma, wengine na kiatu kimoja, nahodha akiwa karibu na gurudumu la nyuma endapo lingezama. Mara mbili lilizama. Mara mbili alilisukuma, akilalamika kuhusu spoku.

Kwenye kona ya Mpakani bajaji iligoma. Kigingi kilikuwa kimesimama pale pale mistari miwili inapokutana, pembe kali, safi, kama ilivyokuwa kwenye mchoro. Refa akajaribu kukata kushoto. Akarudi nyuma. Akajaribu tena, gurudumu la mbele likakigonga.

“Hapa hapapitiki,” akasema.

“Kona ya uwanja lazima iwe pembe mraba,” injinia akasema. “Ni sheria.”

“Ya uwanja, sawa. Hii ni njia. Chomoa.”

Injinia akafungua mchoro, akautazama, akamtazama yeye. Mimi nilianza kujiuliza kama nilipaswa kulifikiria jambo hili mapema, na kwa siku ngapi. Injinia alikunja mchoro, akauweka chini ya kwapa, akainama na sweta zake mbili, akashika kigingi kwa mikono miwili.

Kilikuwa kimepigiliwa sawasawa. Ilibidi akivute mara tatu.